Viduara Vilivyopangwa Vizuri

Kanyiva hakuweza kuona kitu kimekaa upande akakiacha. Nyumbani kwake katika mtaa wa Ziwani, kitambaa kilichofunika redio kiliangusha pembe zake sawasawa, na mgeni aliyeketi ovyo akakunja kitambaa cha kochi alijua, hata bila kuambiwa, kwamba amekosa. Vitambaa vyote alivifuma mwenyewe. Majirani walimtania kwamba siku ya kuzikwa atafunua jeneza anyooshe maua kwanza. Yeye alicheka nao, maana moyoni aliona wanamsifu.

Unadhifu huo ndio uliomponza. Afadhali ungemponza yeye peke yake.

Alikuwa karani katika chumba kimoja cha hospitali mjini, chumba ambacho wagonjwa walikiita "kwa vichwa". Watu walioumia kichwani, fundi aliyeanguka kutoka paani, mpanda baiskeli aliyegongwa, waliletwa hapo kuangaliwa kama akili imerudi mahali pake. Hapakuwa na dawa wala sindano. Palikuwa na meza, penseli na saa ya kubonyeza. Daktari Opiyo, mkubwa wa chumba, alikuwa amemfundisha Kanyiva kutoa vipimo mwenyewe, naye alivitoa vizuri, kwa sauti ile ile kwa kila mtu, bila kutabasamu na bila kununa. Mpimaji akionyesha uso, daktari alimwambia, mgonjwa atausoma uso badala ya karatasi.

Kipimo kilichotumika zaidi kilikuwa cha viduara. Karatasi imetapakaa viduara vidogo, na ndani ya kila kimoja mna nambari. Mgonjwa anaanzia moja, anapiga mstari mpaka mbili, kutoka mbili mpaka tatu, hivyo hivyo mpaka ishirini na tano, penseli isiinuke. Saa inakimbia. Akimaliza, Kanyiva anaangalia jedwali lililokuja pamoja na karatasi hizo kutoka ng'ambo: mtu wa umri huu akitumia muda huu, ni mzima, akizidisha, kichwa bado kina kasoro. Jedwali likishasema, daktari anatia sahihi.

Mwaka wa sabini na nane karatasi za ng'ambo zikaisha, na zilizoagizwa zikakwama bandarini au popote pale vitu vya serikali hukwama. Daktari akamwambia Kanyiva achore stensili, wachape zao wenyewe kwa ile mashine ya kuzungusha kwa mkono.

"Nakili tu," alimwambia. "Nambari ni zile zile."

Lakini kunakili tu kulimshinda. Siku zote alikuwa ameitoa ile karatasi bila kuitazama. Sasa alipoitazama kama mchoraji, ilimuudhi. Viduara vilirundikana huku, kule pameachwa pengo tupu kama kiganja. Saba na nane zimebanana ilhali juu kushoto hakuna kitu. Aliona ni kazi ya mzungu mvivu. Basi akavipanga. Alichukua rula akavitandaza kwa safu, kila kimoja na nafasi yake, kama anavyopanga maua ya kitambaa, na palipokuwa na pengo akahamishia nambari kutoka palipojaa. Karatasi ya hospitali nayo ilikuwa ndogo kuliko ile ya ng'ambo, kwa hiyo akavisogeza vikaribiane kidogo. Kazi ilipotoka mashinini haikuwa na doa la wino. Daktari Opiyo aliishika mbali na macho akasema, "Hii ni nzuri kuliko yao." Hakuiangalia zaidi ya hapo, foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Jedwali halikubadilishwa. Hakuna aliyefikiri kwamba lingehitaji kubadilishwa.

*

Mulwa alikuwa dereva wa lori katika kiwanda kimoja cha sabuni, Eneo la Viwanda. Pale Ziwani alikaa nyumba ya tatu kutoka kwa Kanyiva, na kwa kuwa binti yake mkubwa aliitwa Koki, kila mtu alimwita Baba Koki. Taniboi wake, yaani yule wa kupakia mizigo na kukaa kando yake barabarani, alikuwa Mativo, mume wa Kanyiva. Mulwa ndiye aliyemfundisha Mativo kuendesha gari, Jumapili baada ya kanisa, kwenye uwanja wa kiwanda ukiwa mtupu, na ndiye aliyemsukuma mpaka akapata leseni. "Siku moja nitachoka," alikuwa akisema, "na hili lori sitaki limwangukie mjinga."

Hakuchoka. Sanduku la sabuni lilimponyoka mtu juu ya rundo, likampata kichwani. Alilazwa, akazinduka, akatambua watu wote na kuulizia buti zake. Baada ya miezi miwili alikuwa anatembea Ziwani na kofia juu ya kovu, akiwasumbua wanawake bombani kwa mizaha. Kiwanda kilimtaka alete barua ya hospitali tu, inayosema kichwa chake kimepona.

Kwa hiyo akaja kwa vichwa, akamkuta jirani yake mezani.

"Kumbe ni wewe, Mama Mbeti," alisema, akivuta kiti. "Basi hapa ni nyumbani. Nipe hiyo kitu, niirudishe kabla chai haijapoa."

Kanyiva hakutabasamu. Alisoma maelezo kwa sauti yake ya kazi, akabonyeza saa. Mulwa alianza vizuri. Alipofika sita, penseli ikasimama. Saba haikuwa karibu. Ilikuwa kule chini kulia, ambako Kanyiva aliipeleka ili safu itimie. Akaitafuta akaipata. Nane ilikuwa juu kabisa. Mstari wake ukapita katikati ya nambari nyingine, na kila alipouliza macho yake twende wapi, mistari aliyokwisha kuipiga ilimfunika. Alianza kutokwa na jasho puani. Mzaha ulimwisha akiwa kumi na moja, na kutoka hapo hakusema neno mpaka mwisho.

Jedwali likasema kichwa bado kina kasoro kubwa. Kanyiva akaandika. Daktari akatia sahihi. Kiwanda kikamshukuru Mulwa kwa miaka yake, kikampa sabuni katoni mbili, na lori likamwendea Mativo.

Mulwa mwenyewe alikuja na funguo. "Klachi yake ni ngumu asubuhi," alimwambia Mativo. "Usiilazimishe." Kisha akamgeukia Kanyiva, naye Kanyiva akaangalia chini, ingawa wakati huo hakuwa na kosa alilolijua. Alihisi vibaya tu, kama mtu aliyetangaza msiba wa mwenzake. Alimpikia Mativo kuku jioni hiyo, na wakala.

Kodi ya Ziwani ikamshinda Baba Koki. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wamehamia chumba kimoja Kariobangi.

*

Mwaka huo watu wengi walishindwa na viduara. Daktari Opiyo alilaumu pombe, kisha akalaumu barabara. Kanyiva hakulaumu chochote, aliandika tu. Mpaka wiki ya Pasaka, mwaka uliofuata, alipokuwa akisafisha kabati kwa kuwa hakuna mwingine ambaye angelisafisha, akavuta droo na kukuta nyuma yake karatasi moja ya ng'ambo, imejikunja na kuliwa na mende pembeni.

Akainyoosha juu ya meza. Kando yake akaweka ya kwake. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, chumba kitupu. Kwa mchezo tu akashika penseli, akabonyeza saa, akaipitia ile yake. Yeye aliyeichora, aliyeijua kama mistari ya mkono wake, alijikuta akitafuta saba. Kisha akaipitia ya ng'ambo, na penseli ilienda yenyewe. Kila nambari ilikuwa karibu na dada yake. Mapengo yale aliyoyaita uvivu ndiyo yaliyoliongoza jicho, yakiliambia huku hakuna kitu, angalia kule. Mistari haikukatana hata mara moja. Akaangalia saa, akaangalia tena, akaketi.

Yeye mwenyewe, kwa karatasi yake, kulingana na jedwali, alikuwa mgonjwa.

Alijua hapo hapo. Sitamtetea kwa kusema alihitaji muda kuelewa. Sura ya kwanza iliyomjia ilikuwa ya Mulwa na jasho la puani. Alikunja karatasi ya ng'ambo akaitia kwenye mkoba, na badala ya kwenda kwa daktari alienda nyumbani.

Mativo alisikiliza akiwa ameshika kijiko. Alikuwa amenenepa kidogo tangu apate lori, na sauti yake ilikuwa imepata uzito.

"Kwa hivyo mzee hakuwa mgonjwa," alisema.

"Sijui. Labda alikuwa. Lakini karatasi yangu haingeweza kusema."

"Yule ndiye alinifundisha." Akamaliza chakula chote, maana hakuwa mtu wa kuacha chakula, kisha akasema, "Utaenda kusema. Lazima useme. Lakini si mwezi huu, Mama Mbeti. Kiwanda kinapunguza watu. Wakisikia kuna dereva wa zamani anadai lori lake, mimi sirudi hata kuwa taniboi."

"Mwezi ujao basi."

"Mwezi ujao."

Mwezi ujao mtoto wao Mbeti aliugua surua. Mwezi wa baada ya huo Daktari Opiyo alikuwa safarini. Sababu hazikosekani kwa mtu anayezitafuta, na Kanyiva alizitafuta kwa bidii ile ile aliyotafutia vumbi. Kitu kimoja tu alifanya: alichana stensili yake, akachora nyingine, akiifuata ile ya ng'ambo kiduara kwa kiduara kwa kuibandika kwenye kioo cha dirisha. Daktari aliporudi alimwambia ile ya kwanza imechakaa. Daktari akaitikia kwa kichwa. Waliokuja baada ya hapo walipimwa kwa haki. Waliokuja kabla, aliwaacha walipo.

Alikoma kwenda bombani wakati wa watu. Usingizi haukumtoroka, kama wasemavyo kwenye hadithi. Alilala fofofo, na hilo ndilo lililomtisha. Mtu mwenye haya, alifikiri, asingelala.

*

Mwezi wa nane alikutana na Ndanu, mke wa Mulwa, kwenye vibanda vya Muthurwa, akinunua maharagwe. Mama Koki alikuwa amekonda shingo. Walisalimiana, wakaulizana watoto.

"Na Baba Koki?"

"Yuko." Ndanu alipima maharagwe kwa mkono kabla ya kusema zaidi. "Simwachi na stovu siku hizi. Barabara tunavuka naye. Unajua vile mlituambia pale hospitali, kichwa kiko polepole. Nashukuru mlituambia mapema. Angeua watu."

Shukrani hizo Kanyiva alirudi nazo nyumbani. Jumamosi iliyofuata alifungasha sukari na majani ya chai, akatia kwenye mkoba karatasi mpya moja, penseli na saa ya kubonyeza aliyoiazima ofisini bila kuomba, akaenda Kariobangi.

Mulwa alikuwa nje ya mlango, kwenye kigoda, akipiga msasa swala wa mti. Ndugu zake walikuwa wachongaji, na walikuwa wamempa kazi. Lakini tezo ya kuchongea hawakumpa. Tezo inataka kichwa, walimwambia. Walimletea wanyama waliokwisha kuchongwa, yeye awalainishe. Walikuwa wamepangwa ukutani, swala na twiga, wanang'aa kuliko wanavyohitaji kung'aa.

"Nani huyu?" alisema, akikinga jua. "Ngoja, usiniambie. Ngoja kwanza." Akafunga macho. "Mama Mbeti."

"Ni mimi, Baba Koki."

"Umeona? Nimekumbuka." Alisema kwa fahari ya kweli, na Kanyiva akatamani ardhi immeze, maana miaka minane walikuwa wamekaa nyumba ya tatu kutoka kwake.

Walikunywa chai. Ndanu aliongea na mumewe kwa maneno mafupi, akimtazama mdomo ahakikishe ameelewa, na Mulwa aliitikia polepole, kama mtu aliyezoea kusubiriwa. Alipotaka kumimina chai, Ndanu alimpokonya birika bila hata kusimamisha mazungumzo. Kanyiva alimjua mtu huyu akirudisha lori la magurudumu kumi kinyumenyume kwenye uchochoro huku akiimba.

Akatoa karatasi. "Baba Koki, nisaidie kitu. Tumechapa karatasi mpya, nataka kujua kama wino unaonekana vizuri. Pitisha tu penseli kwenye hizo nambari. Si kipimo."

"Kama si kipimo, lete."

Aliiweka juu ya ubao wake wa msasa. Saa ilikuwa ndani ya mkoba, na mkono wa Kanyiva juu yake. Na hapo, kabla kidole hakijabonyeza, aliomba. Tuseme ukweli, aliomba kwa Mungu wake wa kila Jumapili kwamba mzee huyu ashindwe. Akishindwa na hii pia, basi kichwa kilikuwa kibovu tangu mwanzo, karatasi haikuharibu kitu, Mativo abaki na lori na yeye arudi nyumbani akafume. Aliomba hivyo akimtazama usoni.

Mulwa alipiga mstari huku akimweleza habari za kuku wa jirani aliyetaga ndani ya buti lake. Hakusimama mahali. Saba, nane, tisa, kuku hakutaka kutoka, kumi na tano, kumi na sita, buti lenyewe ndilo lile la kiwanda. Aliweka penseli chini akiwa hajamaliza kuku. Kanyiva alichungulia saa. Jedwali lingemwita kijana.

Akaanza kulia, na hakuwa mtu wa kulia. Kisha akawaambia yote. Alisema rula, na kitambaa, na mapengo. Alisema jinsi alivyohamisha saba. Mulwa alikuwa amefungua mdomo kidogo, akisikiliza, na mkono wake ulikuwa juu ya kovu. Ndanu ndiye aliyeuliza.

"Ulijua lini?"

"Pasaka."

Ndanu akaangalia mianzi aliyoanikia nguo, akaangalia kichumba chao. "Pasaka ndiyo alikuwa bado anatoka mwenyewe," alisema. "Pasaka alikuwa bado anataka kwenda kuomba kazi ya gari kwa Wahindi. Mimi ndiye nilimkataza." Hakupandisha sauti. "Tangu Pasaka unakula kwa lori letu, Mama Mbeti."

Ilikuwa hivyo.

"Wacha, Ndanu," Mulwa alisema. Alikuwa anaitazama ile karatasi, mstari wake mmoja ulionyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Kwa hivyo mimi ni mzima?"

*

Jumatatu asubuhi Kanyiva alimweleza Daktari Opiyo. Alitarajia kufukuzwa, na kwa kiasi fulani alitumaini. Daktari aliweka karatasi zote mbili mbele yake, ile nzuri na ile ya ng'ambo iliyoliwa na mende, akazitazama kwa muda mrefu, na masikio yake yakabadilika rangi. Alikuwa mtu mwema. Alikumbuka nani aliyesema ni nzuri kuliko yao.

"Umewaambia wengine?"

"Bado."

"Tumpime huyu mzee kwanza. Nitampima mimi, kwa karatasi iliyo sawa. Akipita, nitakiandikia kiwanda chenyewe, na tutawaita wote waliopimwa kwa hii yako, mmoja mmoja." Akavua miwani. "Akipita, nitajua ni karatasi."

"Amekwisha kupita, daktari. Nilimpima Jumamosi."

"Juu ya ubao wa msasa, akikuambia habari za kuku. Hicho si kipimo, Kanyiva. Wewe mwenyewe ulimwambia si kipimo."

Mativo alipopata habari hakugomba. Aliosha lori siku hiyo mpaka ndani ya mataa, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Alhamisi Mulwa alifika mapema kuliko wafagiaji. Alikuwa amevaa koti lake la udereva, vifungo vyote, na viatu vimepakwa rangi mpaka vinaakisi. Ndanu alikuwa amemshika mkono. Alimwambia Kanyiva, kwa sauti ya chini na bila salamu, kwamba mumewe hajala tangu jana na kwamba usiku kucha amekuwa akihesabu mpaka ishirini na tano.

Ndani palikuwa na meza ile ile na kiti kile kile. Kanyiva aliwekwa pembeni, dirishani. Daktari Opiyo alisoma maelezo, naye Mulwa akaitikia kila neno, ndiyo daktari, ndiyo daktari, kama mtu aliye mahakamani. Saa ikabonyezwa.

Akaanza. Moja, mbili. Kabla ya tatu aliinua macho akamtazama Kanyiva.

Alitaka kujua kama yuko sawa. Basi. Alikuwa sawa, tatu ilikuwa pale pale chini ya penseli yake, na alikuwa ameiona. Lakini kwa mwaka mzima kila mtu aliyempenda alikuwa amemwambia asiamini anachokiona, na sasa hakuamini. Aligusa tatu kwa ncha ya penseli bila kupiga mstari, akasubiri. Kanyiva aliuhisi uso wake unataka kuitikia.

"Kanyiva," daktari alisema taratibu. "Uso."

Akaugandisha uso wake, kama alivyofundishwa.

Mulwa akapiga mstari. Akafika nne, akatazama juu. Tano, akatazama juu. Ilipofika zamu ya saba, iliyokuwa karibu na sita kama mzungu yule alivyoiweka, aliiacha kwa mashaka, akidhani haiwezi kuwa rahisi hivyo, akaenda kuitafuta mbali, chini kulia, mahali ilipokuwa mwaka jana. Alikuwa amepakumbuka. Kichwa chake kizima, kilichokumbuka vizuri, kilikuwa kinamtafutia saba mahali ambapo Kanyiva aliificha. Jasho likamtoka puani. Mstari ukaanza kupindapinda. Kanyiva aliangalia dirishani, kisha akajilazimisha kuangalia tena, akawa anaangalia mpaka mwisho, maana hilo angalau alistahili kuliona.

Daktari Opiyo alibonyeza saa akaisoma. Alilifungua jedwali ingawa hakulihitaji.

"Pole sana, mzee," alisema. Na Ndanu alipokwisha kumtoa mumewe nje, alimwambia Kanyiva kwa upole, akikusanya penseli, "Karatasi ilikuwa sahihi, jedwali ni sahihi, mpimaji si wewe. Kwa hiyo ulale. Ile yako ilikuwa mbaya, ndiyo, lakini haikumdhulumu huyu."

"Na wale wengine?"

"Tutaona," alisema daktari, na Kanyiva akajua kwamba hawataitwa.

Akatoka mbio akawakuta kwenye benchi la nje. Ndanu alikuwa amesimama, anaangalia barabara watakayovuka. Mulwa alikuwa amevua kofia, ameiweka gotini, na kovu lake lilikuwa jeupe juani. Uso wake ulikuwa umetulia, na utulivu huo ulikuwa mbaya kuuona.

"Baba Koki, kichwa chako ni kizima. Nilikiona. Ni woga. Ni mwaka mzima huu. Ni mimi."

"Hapana, mama." Alimpigapiga mkono, polepole. "Ulijaribu. Mwanzo Jumamosi nilikukasirikia, sitakudanganya. Nilikuchukia siku tano. Sasa nimeona ni kichwa, si karatasi, na nakuomba msamaha." Akatafuta mfukoni mwa koti, akatoa swala mdogo, aliyelainishwa mpaka akawa kama sabuni. "Huyu nilikuwa nimkabidhi Mativo, wakati akinirudishia funguo. Mpelekee tu. Mwambie klachi asiilazimishe."

Kanyiva akasema tena kwamba si kichwa. Akasema mara ya tatu. Lakini Mulwa alikuwa amekwisha kumpa Ndanu mkono, kama mtoto anavyompa mama yake mkono, akasubiri aambiwe wakati wa kuvuka.

Jioni Mativo alirudi na vumbi la sabuni shingoni. Alimwona swala juu ya redio, amesimama katikati ya kitambaa. Hakuvua buti.

"Alipita?"

"Hakupita."

Mativo akashusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua gunia. Kanyiva alimgeukia amkemee, na hapo akaisikia yake mwenyewe, ndefu vile vile, ikimtoka kabla hajaizuia.